Mwisho Unapotangulia: Kutunga Hadithi Kinyumenyume, Kutoka Soko la Soni Hadi Vugha

Tuseme umepewa sentensi moja, nayo lazima iwe ya mwisho katika hadithi yako: "Safari hii hakuuliza bei." Umeambiwa pia kwamba mambo yatokee Lushoto. Hujapewa kingine. Nani hakuuliza, bei ya nini, na safari zilizopita aliuliza kwa nini, yote hayo ni juu yako.

Kazi ya namna hii haiwahusu waandishi wenye nafasi peke yao. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humpa mtahiniwa maswali manne ya insha. La kwanza ni la lazima. Katika matatu yanayobaki huchagua moja, na mara nyingi mojawapo humtaka atunge kisa kitakachomalizika kwa maneno aliyopewa. Ana saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja ina alama 20, na kila moja isipungue maneno 400. Kwa hiyo kijana wa kidato cha nne kule Kitui au Kakamega huwa amekwisha kupambana na tatizo hili kabla hajamsoma mwandishi yeyote aliyelichagua kwa hiari yake.

Shida iko katika namna wengi wanavyolitatua. Mwanafunzi huingia na kisa alichokikariri bwenini: ajali ya basi, moto uliozuka usiku, mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Hukimwaga chote kama kilivyo, na akikaribia mwisho wa ukurasa huibandika ile sentensi. Sharti limetimizwa, maneno yapo mahali pake, lakini ukiyafuta hakuna kinachopungua. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: futa sentensi ya mwisho, na hadithi ikisimama bila hiyo, basi haikutungwa kwa ajili yake.

Swali jirani, lile la methali, ni gumu zaidi ingawa watahiniwa hulikimbilia. Methali ni sentensi iliyokwisha kukamilika. Haina mtu ndani yake, haina mahali, haina jana wala juzi. Asiyesikia la mkuu anaweza kuwa yeyote popote, kwa hiyo haimdai mtunzi chochote isipokuwa mkaidi mmoja na guu moja. Ndiyo maana visa vya methali hufanana. Sentensi kama "Safari hii hakuuliza bei" inaonekana ndogo na tupu, kumbe ina mahitaji mengi kuliko methali, na mahitaji hayo ndiyo yanayomsaidia mtunzi.

Wazo la kuanzia mwishoni lina historia ndefu. Edgar Allan Poe alichapisha mwaka 1846 insha iitwayo "The Philosophy of Composition", akadai kwamba njama ya hadithi inapaswa kujulikana hadi tamati kabla mwandishi hajaanza kuandika, na kwamba shairi lake "The Raven" alilianza kwa upande wa mwisho. Kwenye insha hiyohiyo anamtaja William Godwin, ambaye kuhusu riwaya yake Caleb Williams ya mwaka 1794 alikuja kueleza kwamba alibuni kwanza mambo ya juzuu ya tatu, halafu ya pili, halafu ya kwanza. Simwamini Poe kwa kila neno. Insha ile ina harufu ya fundi anayesifia hesabu zake baada ya nyumba kusimama. Lakini swali analotuachia ni la kweli: mwisho ukishajulikana, mwandishi anatafuta nini?

Anatafuta madeni. Kila neno lililomo katika sentensi ya mwisho limekopa kitu ambacho hadithi inapaswa kuwa imekwisha kukilipa kabla ya kufika pale. Anayebandika huliacha deni bila kulipa. Anayetunga kinyumenyume hukaa kwanza na sentensi yake, huuliza neno moja moja linadai nini, ndipo arudi nyuma.

Kiswahili kina namna yake ya kudai. "Hakuuliza" haituambii kama aliyenyamaza ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto, na mtunzi anaweza kukaa na uhuru huo muda mrefu kabla ya kuamua. Ukipewa "Akalirudisha", unajua tu kwamba kitu ni cha ngeli ya li-ya: jembe, tenga, gauni, au hata jina. Unajua pia, kwa sababu ya ile -ka-, kwamba tendo hili limezaliwa na tendo lililotangulia papo hapo. Sentensi hiyo haiwezi kukaa vizuri baada ya aya nzima ya kueleza ukungu wa msitu wa Magamba. Na ukipewa "Hadi leo huja kila Alhamisi", umeshapewa msimulizi, maana kuna mtu yuko hai, miaka imepita, naye bado anatazama. Watahiniwa wengi huipita hu- ile bila kuiona, wakasimulia kisa kilichotokea asubuhi ya jana.

Sasa Lushoto. "Safari hii" inadai safari nyingine, walau moja, ambayo tumeishuhudia kwa macho yetu. "Hakuuliza" inadai mtu ambaye kuuliza ni tabia yake, kiasi kwamba kunyamaza kwake ni tukio. "Bei" inadai kitu kinachouzwa na kununuliwa.

Jibu la kwanza humjia kila mtu: bahili mmoja aliyezoea kupatana hata bei ya kiberiti anaingia dukani kununua sanda ya mkewe, na safari hii hakuuliza bei. Inakubalika, madeni yote matatu yamelipwa, na msomaji ataitabiri akiwa aya ya tatu. Kifo ndicho sababu ya kwanza ambayo kila mtunzi huiokota anaporudi nyuma kutoka mwisho mzito, kwa kuwa kifo kinaeleza karibu kila kimya. Naiacha kwa sababu hiyohiyo.

Jibu la pili linatoka katika mahali penyewe. Milima ya Usambara, ilipo Lushoto, hulisha miji kwa kabeji, karoti, nyanya na peasi. Malori hushuka Soni na kona zake hadi Mombo, yakaingia barabara kuu kuelekea Tanga au Dar es Salaam. Kati ya shamba na lori kuna dalali, na kati ya mkulima na dalali kuna lumbesa, lile gunia lililojazwa mpaka likavimba juu ya mdomo wake, likashonewa kamba, likahesabiwa kuwa gunia moja. Mwanamke wa shamba dogo juu ya Soni huuliza bei kabla hajautua mzigo, kwa sababu ukishautua umekwisha kupunguza nguvu yako. Hadithi inaweza kumfuata hadi siku anapopigiwa simu na mwanawe aliye mjini, akaambiwa gunia lauzwaje huko, akafika sokoni na kutaja bei mwenyewe badala ya kuuliza. Nzuri, na ya kweli. Ila ni hadithi ya ushindi ambayo msomaji ataikubali na kuisahau, kwa sababu neno "bei" lina maana ileile mwishoni iliyokuwa nayo mwanzoni. Deni limelipwa kwa sarafu ileile.

Jibu la tatu linatokana na kumweka mwanamke huyohuyo mbele ya mnunuzi mwingine. Ana mabinti wawili. Miaka miwili nyuma alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam kutafuta msichana wa kazi za ndani, akamchukua yule mkubwa. Mama, kwa mazoea ya soko, aliuliza kila kitu: mshahara kiasi gani, utatumwa kwa nani, nauli ya Idi ni juu ya nani. Akajibiwa vizuri. Fedha zikaja miezi miwili, kisha kimya. Sasa mgeni amerudi kumchukua mdogo, amekaa kwenye kigoda, anakunywa chai, anangoja yale maswali. Safari hii hakuuliza bei.

Hapa ndipo kazi ya kurudi nyuma inapoonyesha faida yake. Kama hii ndiyo tamati, basi neno "bei" lisitajwe hata mara moja karibu na yule binti. Kwake tutumie "mshahara", "ujira", "matumizi". Litumike kwa karoti tu, sokoni, wazi, mara mbili au tatu, mpaka msomaji alizoee kama neno la karoti. Kisha mwishoni lianguke mahali ambapo halikuwahi kuanguka, bila mwandishi kueleza chochote. Mwandishi anayeanza mwanzoni anaweza kuligundua hilo kwa bahati, akiwa rasimu ya nne. Anayeanza mwishoni analijua kabla hajaandika aya ya kwanza, na analitunza. Naamini hiyo ndiyo tofauti kubwa ya njia hizi mbili, kubwa kuliko suala la njama ambalo Poe alilishikilia. Njama inaweza kurekebishwa. Neno lililokwisha kutumika mapema halirudi ghalani.

Kwa mpangilio, hatua zinahesabika kwa urahisi. Kabla ya mgeni kurudi kuna kile kimya cha miezi. Kabla ya kimya kuna ziara ya kwanza na maswali yake. Kabla ya ziara kuna soko la Soni, ambako tunajifunza kwamba mama huyu haondoki bila kuuliza. Mtunzi akizipata hizo kwa kurudi nyuma, azisimulie kwa kwenda mbele, na pengine aifupishe ziara ya kwanza kuwa mistari michache, kwa kuwa ya pili ndiyo inayohitaji muda wake.

Bado kuna hatari, na ndiyo inayoziua hadithi nyingi za mtihani hata pale ambapo hazikubandikwa. Kila mtu ndani ya hadithi anaanza kuutumikia mwisho. Mama yupo ili anyamaze, mgeni yupo ili awe mbaya, binti yupo ili achukuliwe. Msomaji huona kamba zinazowavuta. Dawa yake ni kumpa mtu mmoja walau jambo lisilotakiwa na sentensi ya mwisho. Tuseme binti mdogo anataka kwenda. Amemaliza darasa la saba, tangu jana amesukwa kwa jirani, na usiku kucha amekuwa akimwuliza mama yake mambo ya bahari. Sasa kimya cha mama hakina sababu moja. Pengine amekata tamaa na majibu ya mgeni. Pengine ameona kwamba uamuzi hauko tena mikononi mwake. Pengine anaogopa kwamba akiuliza, binti atasikia jibu na kulikubali. Sentensi ni ileile, lakini imeacha kuwa fumbo lenye ufunguo mmoja.

Watu huchanganya kutunga kinyumenyume na kusimulia kinyumenyume, na mkanganyiko huo unastahili kufutwa haraka. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, anatuonyesha mapema jambo lisiloeleweka: Adili, mtu mwema, anayewachapa manyani wawili kila usiku. Mfalme Rai anataka kujua kwa nini, na kitabu kinarudi nyuma kulieleza, hadi tujue kwamba manyani wale ni ndugu wa Adili, Hasidi na Mwivu. Pale msomaji ndiye anayerudi nyuma. Muhammed Said Abdulla alifanya jambo lililo karibu na hilo katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mpelelezi Bwana Msa iliyoshinda shindano la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960: kuna mauaji kwanza, kisha upelelezi unaovuta uzi kuelekea asili yake. Hadithi ya upelelezi haiwezi kuandikwa vinginevyo, kwani mwandishi asiyemjua muuaji hawezi kutawanya dalili. Lakini mama wa Soni hana siri ya kufumbuliwa. Msomaji wake anakwenda mbele tu, kama maisha yanavyokwenda. Ni mtunzi peke yake aliyekuja kwa njia ya kurudi.

Kuna pingamizi la waandishi wanaosema hawawezi kuandika wakijua mwisho, kwamba hamu huwaishia. Sina ugomvi nao. Nadhani wanachokiogopa si mwisho bali utii, yaani ule wa wahusika kuutumikia mwisho nilioutaja. Aliye nje ya chumba cha mtihani ana ruhusa nyingine tena: rasimu ikikua ikaishinda sentensi iliyoizaa, aitupe sentensi. Mtahiniwa hana ruhusa hiyo, na kwa sababu hiyo kipimo chake ni kikali kuliko cha mtu anayelipwa kwa kuandika.

Kielelezo kikubwa kabisa cha hadithi iliyopewa mwisho wake kiko kwenye milima hiyohiyo ya Usambara. Kila anayesimulia habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi na wa ufalme wa Washambaa wenye makao Vugha, anajua atakapoishia: Wakilindi wakatawala Vugha. Wasikilizaji wanajua pia. Hadithi hiyo tunayo kwa maandishi katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kitabu kilichotoka kwa mafungu kupitia misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Bonde kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kikachapishwa upya Nairobi mwaka 1962.

Mbegha ni mwindaji wa Unguu. Aliota meno ya juu kwanza, kwa hiyo ni kigego, mtoto wa mkosi. Jamaa zake wanamnyima urithi. Anakwenda Kilindi, anafanya urafiki na mtoto wa mtawala. Kijana anauawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni, na Mbegha anakimbia tena. Anaingia Usambara na mbwa wake, anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, naye anapewa chakula cha shambani. Anaamua kesi. Anaua simba. Watu wa Vugha wanamfanya mfalme, na cheo cha warithi wake kinakuwa Simba Mwene.

Ukiisoma kwa kwenda mbele ni mkururo wa bahati, mbaya kisha njema. Irudie kutoka mwisho, na bahati zote zinatoweka. Atakayetawala koo zote za milima na kuamua kesi zao asiwe wa ukoo wowote kati ya hizo: basi afukuzwe kwao. Awe mtu wa kuogopwa: basi awe kigego aliyeokoka. Awe anayelisha: basi nyama. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi mengi ya Mbegha na kutoa The Shambaa Kingdom mwaka 1974, alionyesha jinsi kisa kilivyofumwa kwa vinyume vinavyokutana, nyama na chakula cha shamba, pori na kijiji. Kisha, kama mwanahistoria, akageukia sababu za aina nyingine kabisa za kuzuka kwa ufalme, zikiwemo zile za makundi ya wageni kuhamia milimani na kuibadilisha jamii. Hizo hazimo katika hadithi, kwa kuwa sentensi ya mwisho haikuzidai.

Kitu kimoja kinaonekana kuzidi. Mbegha anakimbia mara mbili. Ugomvi wa urithi ulitosha kumtoa kwao. Kwa nini afanywe tena mkimbizi kutoka Kilindi, akiwa na kifo cha rafiki mgongoni? Mhariri mwenye haraka angelikata tukio la pili. Lakini ipime sentensi neno kwa neno: Wakilindi wakatawala Vugha. Neno la kwanza linadai maelezo, na maelezo yake yako mahali pale ambapo Mbegha alipata urafiki na kuupoteza. Ukoo unaotawala umechukua jina la mahali ambako mwanzilishi wake hakuweza kurudi. Msimulizi wa kale alilipa neno lililokuwa gumu kuliko yote, na akalilipa kwa tukio lisilomsifu Mbegha hata kidogo. Hilo ndilo jambo lisilotumikia mwisho peke yake, nalo limekizuia kisa kuwa sifa tupu za watawala.

Sasa badilisha sentensi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, na nchi ikapasuka. Mjukuu wake Shekulwavu alikuwa Vugha. Mwana wa Kimweri, Semboja, alikuwa Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara, mahali penye biashara na bunduki. Semboja akamtoa Shekulwavu na kumweka Kimweri Maguvu, mtoto wake mwenyewe, Vugha. Wabondei wakauasi utawala wa Kikilindi katika vita vya Kiva. Abdallah bin Hemedi aliandika baada ya yote hayo, Wajerumani wakiwa wamekwisha kufika, na kitabu chake hakiishii kwa Mbegha. Kinaingia hadi katika vita hivyo. Kwa hiyo alikuwa na tamati mbili mkononi, ya kutawala na ya kusambaratika, na mwanzo mmoja wa kuzihudumia zote. Msimulizi wa baada ya 1963, serikali ya Tanganyika ilipokuwa imefuta mamlaka ya machifu, alikuwa na ya tatu.

Wala hakuhitajika mtu kubuni mwanzo mpya. Kwa tamati ya kwanza, jamaa kumnyima Mbegha urithi ni tukio dogo la kumsukuma barabarani. Kwa tamati ya pili, ndilo tukio zito kuliko lile la simba: ndugu wanagombea mali ya marehemu mwanzoni mwa ukoo, na wajukuu wa ukoo huohuo wanagombea tena baada ya 1862, safari hii wakiwa na bunduki kutoka njia ya misafara ya Mazinde.